Kulwa Ametangulia Roma

Sehemu ya Sita

Kwa aliyechelewa, sogea ukae nikudokeze upesi, maana leo nina haraka kuliko wiki zote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mtendeni hapa Tabora mjini, nina miaka arobaini na miwili. Nilizaliwa pacha kule Ipole. Aliyetangulia kutoka tumboni akaitwa Kulwa, mimi niliyefuata nikaitwa Doto. Kulwa akatutoka kwa surua tukiwa na miaka sita.

Nilipofeli darasa la saba, marehemu baba alinipeleka kwa mjomba kule Kigwa nikarudie. Jina la Doto lilikuwa limeshaungua kwenye mtihani. Basi baba akafungua sanduku la bati, akatoa cheti cha ubatizo cha Kulwa, akaniambia, "Shika. Mwenyewe hakihitaji tena."

Tangu siku hiyo nimesoma, nimeajiriwa, nimeolewa na nimeachika kwa jina la marehemu dada yangu. Mimba mbili zimetoka, nyumba imeungua, mume kaondoka na mtu niliyemfundisha kusuka. Kila pigo nilijua linatoka wapi. Mali ya wizi haitulii mkononi.

Wiki iliyopita niliwaacha pale parokiani, kura ya hija ya Mwaka wa Jubilei ilipopigwa mbele ya waumini wote, karatasi ikafunuliwa, na jina likasomwa: Kulwa. Nafasi moja tu ilikuwepo, ya kwenda Roma. Pasipoti ikatoka bila kikwazo. Tunaondoka Ijumaa.

Meseji zenu nimezisoma. Msomaji mmoja wa Urambo kaniandikia, "Mwalimu, panda ndege ule raha zako, marehemu hana haja na pasipoti." Mwingine kasema nijisalimishe polisi kabla sijatia aibu taifa. Nawashukuru nyote. Ila hakuna aliyeniuliza kwa nini jina la Roma peke yake linanisimamisha nywele.

Leo nawaambia.

Siku Kulwa alipoondoka hapakuwa na kilio. Bibi yangu mzaa baba alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akawakabili wanawake waliokuja wakipiga mayowe.

"Kalieni kwenu huko," akawaambia. "Pacha haliliwi."

Na kwa bibi hakuna aliyewahi kufa. Babu yake alikuwa mpagazi kwenye misafara ya Pwani, enzi za biashara ya pembe za ndovu. Alikwenda mara tatu akarudi, mara ya nne hakurudi. Mwenzake mmoja aliyethubutu kutamka kwamba amekufa alitozwa mbuzi. Mpaka bibi anazeeka, babu yake alikuwa bado yuko njiani. Kwetu mtu hafi, anasafiri tu akachelewa.

Kwa hiyo nilipouliza, nilijibiwa kwa lugha ya nyumbani kwetu.

"Bibi, Kulwa yuko wapi?"

"Ametangulia."

"Ametangulia wapi?"

Bibi akababaika. Ukutani palikuwa na kalenda ya misheni, picha ya uwanja mkubwa uliojaa watu, na nyuma yao kanisa lenye kuba. Padre mzungu aliyetubatiza alikuwa amerejea kwao mwezi ule ule.

"Ametangulia Roma," bibi akasema. "Kaondoka na Padre. Na wewe ukikua utamfuata."

Jamani, mtoto wa miaka sita ataacha kuamini? Kila asubuhi nilipanda juu ya kinu nikamtafuta Kulwa kwenye ule umati. Na nilimpata! Pembeni kabisa, chini ya nguzo, katoto kamevaa gauni jeupe, kametupa mgongo. Nilikuwa nikikaambia, "Kulwa, geuka basi." Hakakugeuka.

Mwaka ulipokwisha bibi alitaka kuichana ile kalenda asokotee ugoro. Nililia mpaka nikatapika. Ninayo hadi leo, nimeitia kwenye fremu, iko sebuleni kwangu Mtendeni. Wageni wanadhani ni ucha Mungu.

Sasa mnaelewa. Wenzangu wanaotajiwa Roma wanaona makanisa. Mimi naona mtoto anayenisubiri chini ya nguzo, amenyoosha mkono, anasema, "Nipe jina langu."

Na bado nilitaka kwenda. Sitawadanganya. Niliitaka Roma kuliko nilivyowahi kumtaka mume.

Jumatatu alikuja Yustina, mwenzangu wa kwaya, naye ni mmoja wa mahujaji. Yustina hajui kukaa kimya hata akiwa anakula.

"Shoga, viatu hivyo ndivyo vya safari? Roma wanatembea kwa miguu kutwa nzima! Utarudi huna kisigino."

"Nitazoea."

"Mimi silali, mwenzio. Nimeshajifunza mpaka salamu yao. Bonjorno! Wewe mbona kama unapelekwa mahakamani?"

"Nina furaha tele."

"Umeifungia sandukuni, eh?"

Akaanza kuzunguka sebuleni, akasimama mbele ya kalenda yangu. Akavaa miwani, akasogeza pua.

"Ndio hapa tutakaposimama, hapa! Ona watu. Na haka katoto kazuri, tazama kanavyotukodolea macho."

"Katoto gani?"

"Haka ka pembeni. Ka gauni jeupe."

Nikamsukuma nikatazama. Katoto kalikuwa kametupa mgongo, kama miaka yote.

"Yustina, utani mwingine si mzuri."

"Utani gani sasa?" Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akavaa tena. Akatazama muda mrefu. "Basi itakuwa mwanga wa dirishani," akasema, lakini hakumaliza chai yake. Aliaga akaondoka, na bonjorno hakuitaja tena.

Jumanne sikufundisha. Nilikwenda moja kwa moja kwa Padre Kornel kuungama. Ndiye anayetuongoza kwenye hija, na alikuwa ametuonya kwenye darasa la mahujaji kwamba hatakiwi mtu kuupita Mlango Mtakatifu wa kule Roma na kitu cha mwenzake kwapani. Nilihisi ananisema mimi.

Nikamwaga yote. Kufeli, Kigwa, cheti cha sandukuni, kazi, ndoa.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado moja, Padre. La utotoni."

"Sema."

"Nilimwibia pacha wangu shanga."

Nikaendelea. "Bibi alitutungia shanga za shingoni. Za Kulwa nyekundu, zangu nyeupe. Nilizitamani zile nyekundu, naye alikuwa haniazimi. Tulipougua surua tulilazwa mkeka mmoja. Mchana mmoja nikamwona hoi, hawezi hata kufumbua macho. Nikamvua zake nikavaa. Zangu nikamvisha yeye. Jioni yake akaondoka, Padre. Ameondoka hata hajanidai."

Padre Kornel akashusha pumzi. Nadhani alitabasamu, nilisikia kwenye sauti.

"Mwalimu, ulikuwa na miaka sita. Shanga ziache. Jina ndilo mzigo. Mama yako yu hai?"

"Yu hai. Yuko Ipole."

"Basi kabla ya Ijumaa nenda ukapige magoti kwake. Yeye ndiye aliyezaa, yeye ndiye aliyewapa majina. Tukirudi kutoka Roma, mimi na wewe tutatafuta njia ya kulisema hili serikalini. Lakini anzia nyumbani."

Nikatoka nimepata nafuu nusu. Shanga ziache, kasema. Nami nikaziacha. Laiti ningejua!

Jumatano saa sita mchana nilikuwa Ipole.

Nimemkuta nani? Hakuna mtu. Jirani akaniambia mama yuko kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, anasaidia kufunga majani, atarudi sasa hivi. Nikaweka kikapu barazani, nikazunguka nyuma ya nyumba.

Sikutaka kwenda kule. Miguu ndiyo iliyonipeleka.

Nyuma ya ghala pana kibanda kidogo cha nyasi, hakimfiki mtu mzima kiunoni. Ndani yake kuna chungu, saizi ya ngumi mbili, kimefunikwa kipande cha kibuyu. Bibi alikifinyanga wiki ile Kulwa alipoondoka. Chochote nilichopata mimi, na chungu kilipata: nikishonewa gauni, kitambaa kidogo kilifungwa shingoni mwake, ikipikwa dona ya mahindi mapya, tonge lake liliwekwa pale. Mapadre walikuwa hawajui, na sisi hatukuwaambia.

Nilikuwa nakiogopa kile chungu kwa sababu ya kofi.

Alfajiri moja, nina kama miaka saba, nilitoka kujisaidia nikamsikia bibi kibandani akiita kwa sauti ya chini, "Doto. Doto we." Nikakimbia. "Abee bibi!" Bibi akageuka, akanizaba kofi ambalo mpaka leo nikikumbuka sikio linawaka. "Nani kakuita wewe? Nani kakuita?" Nikalia mno. Nilipigwa kwa kuitika jina langu mwenyewe, na sikupewa sababu. Bibi alipofariki, kazi ya chungu akaichukua mama.

Desturi ya bibi ilikuwa kwamba pacha hasafiri kimyakimya. Ukienda mbali, unakiaga chungu. Sikukiaga nilipokwenda chuo. Sikukiaga nilipoolewa. Na mmeona kilichonipata.

Nikapiga magoti kwenye vumbi na sketi yangu ya mjini. Nikatoa pasipoti kwenye pochi, nikaiweka wazi mbele ya chungu.

"Kulwa," nikasema. "Kulwa dada yangu. Hii ni yako. Picha yangu, jina lako. Nimekula jina lako miaka ishirini na saba. Nisamehe. Ijumaa naja huko Roma, nikifika nakurudishia. Njoo unipokee."

"Unaongea na nani hapo?"

Niliruka, jamani! Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, kanga imejaa majani ya tumbaku, mikono imeshika lami nyeusi ya majani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuuliza, unaongea na nani?"

"Na Kulwa."

"Umemwita Kulwa? Kwenye chungu hicho?"

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba msamaha. Kwake na kwako."

Mama Mektilda si mtu wa kuonyesha hofu. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumfukuza fisi kwa ufagio. Lakini ile kanga ilimtoka mikononi, majani yakamwagika, na hakuinama kuyaokota.

"Tokea lini umeanza kumwita hivyo hapo?"

"Leo tu."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu, mama. Mara mbili, tatu."

Akaketi pale pale chini, juu ya tumbaku yake. "Ondoka kwenye hilo vumbi," akaniambia. "Kaa karibu yangu. Nilikuwa nangoja uvuke bahari ndipo nikupigie simu nikuambie. Bibi yako aliniapisha hivyo. Lakini sasa umeshaita, haina maana tena kungoja."

"Kuniambia nini?"

"Yule aliyeko kule makaburini si Kulwa."

Nikamtazama. Nilidhani uzee umeingia.

"Aliyekufa ni Doto," mama akasema. "Kulwa ni wewe."

Nikacheka, Mungu anisamehe. "Mama, mimi ndiye Doto. Umeniita Doto maisha yangu yote."

"Nimekuita hivyo kwa kukuficha. Sikiliza vizuri, sitarudia. Doto alipokata roho, bibi yako akasema: mapacha hawaachani, yule aliyekwenda atarudi kumchukua mwenzake. Atakuja mlangoni aulize, Kulwa yuko wapi? Sasa akimkuta Kulwa, anaondoka naye. Lakini akiambiwa humu hamna Kulwa, humu yumo Doto, atasikia jina lake mwenyewe, atachanganyikiwa, atajiona amepotea nyumba. Basi tukatangaza kwamba aliyekufa ni Kulwa. Padre kijana aliyempokea yule mzungu akaandika Kulwa. Hata baba yako hakujua. Mimi na bibi yako tu."

"Na chungu?"

"Mbele za watu tulikiita Kulwa. Tukiwa peke yetu tulimwita mwenyewe kwa jina lake. Doto. Mtoto hawezi kula chakula kwa jina la mwingine."

Kofi! Nikalisikia sikioni kama limepigwa jana. Bibi alikuwa anamwita Doto aliye ndani ya chungu, na mimi, niliyefichwa nyuma ya jina lile, nikatokea nikaitika.

"Kwa hiyo baba aliponipa cheti cha Kulwa..."

"Alikurudishia kilicho chako, naye hajui. Wewe ulilia, mimi nilikwenda nyuma ya ghala nikamshukuru Mungu. Kisha nikaogopa, maana umetoka mafichoni. Ndoa ilipovunjika nikasema, kale katoto kameshajua. Nyumba ilipoungua nikasema, kamefika. Lakini bibi yako aliniambia kabla hajasafiri: akivuka bahari tu, amepona. Wa kwetu waliotangulia hawavuki maji. Hata yule mpagazi aliishia Pwani."

Jamani, wasomaji wangu.

Miaka ishirini na saba! Nimeungama kwa mapadre wanne. Nimekataa kugombea ualimu mkuu nisije nikachunguzwa. Nimeamka mara ngapi nikimwona yule mtoto amenyoosha mkono. Na kumbe sikuiba kitu. Lilikuwa langu tangu tumboni.

Nililia, kisha nikacheka, kisha nikamkumbatia mama na lami yake ya tumbaku ikanipaka blauzi nzima wala sikujali. Mama naye akalia. Alikuwa hajawahi kumlilia yule mtoto, kwa kuwa pacha haliliwi. Siku ile alilia kilio cha miaka thelathini na sita.

Na Roma ikabadilika machoni mwangu hapo hapo. Kwa mara ya kwanza niliuona ule uwanja bila mtu wa kunidai. Nikaona njiwa. Nikaona na Yustina akihangaika na bonjorno yake. Nikamwambia mama, "Nitakuletea rozari iliyobarikiwa."

"Niletee na picha," akasema. "Na nitakupa chupa ya asali umpelekee Baba Mtakatifu."

"Mama, hawanipi nafasi ya kumkaribia."

"Umwachie mlinzi. Asali ya Ipole haikataliwi."

Tukacheka tena. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maji na unga wa ulezi, apate kuniaga kama walivyoagwa wapagazi: unga kwenye maji, funda moja mdomoni, anampulizia msafiri kifuani. Akawa anakoroga kwa kidole, uso wake mweupe kama wa msichana.

"Kulwa wangu," akaniita. Mara ya kwanza maishani. "Kulwa."

Utamu wa jina ulinipanda mpaka kooni. Nami kwa ule utamu, kwa maneno tu ya kupitisha muda, nikauliza swali ambalo ningekufa nalo ningekuwa mtu mwenye heri.

"Hivi mama, mlitujuaje? Si mnasema tulifanana mpaka baba akawa anakosea?"

"Mlifanana hasa. Na surua ile iliwavimbisha nyuso, macho yamezibwa, hata mimi niliyewazaa nisingewatenganisha."

"Sasa?"

"Shanga," mama akasema, anakoroga. "Bibi yako aliwafunga shanga kwa ajili hiyo hiyo. Kulwa nyekundu, Doto nyeupe. Jioni ile aliyenyamaza alikuwa na nyeupe. Aliyepumua alikuwa na nyekundu. Ndipo tukajua Kulwa amebaki."

Nikajishika shingoni.

"Na hata uvimbe uliposhuka," akaendelea, "pacha anajulikana akiwa na mwenzake. Akibaki mmoja utamlinganisha na nani? Tulitazama shanga tu. Ajabu moja, wewe hukubisha. Tulijiandaa utalia, utasema mimi si Doto, mimi Kulwa. Hukusema hata siku moja. Tukikuita Doto unaitika mbio. Bibi yako akasema, mtoto huyu ana akili, ameelewa bila kuambiwa."

Mnaonifuata mmeshafika nilipo. Mchana ule, kwenye mkeka, mkono wangu ndio uliozivua shanga nyekundu shingoni mwa Kulwa. Aliyekutwa anapumua na nyekundu alikuwa mimi, Doto. Aliyenyamaza na nyeupe alikuwa Kulwa.

Sikubisha kwa sababu niliitwa jina langu. Hakuna aliyenificha. Jina ni la Kulwa, nami ni mwizi kama nilivyokuja.

Hilo ningelizoea, nimelizoea miaka mingi. Lakini yule mtoto! Nimemvua shanga, nikamlia na jina. Na kila alfajiri kwa miaka thelathini na sita wamekwenda kibandani wakamwita Doto, Doto, wakamwekea tonge la Doto, na yeye amekaa humo kwenye udongo anasikia anaitwa mwingine. Mtoto hawezi kula chakula kwa jina la mwingine. Mama mwenyewe ndiye aliyetoka kulisema.

Na leo, kwa mara ya kwanza tangu aondoke, mtu amekuja akamwita kwa jina lake. Mimi. Nimemwita mara mbili, tatu, nikamwambia, njoo unipokee.

"Mbona umekauka?" mama akaniuliza.

"Jua, mama."

"Nina neno moja nakuomba. Sijawahi kumsomeshea misa kwa jina lake. Kila Novemba, mwezi wa marehemu, naandikisha Kulwa, narudi nyumbani nimejiinamia. Huko Roma hawatujui. Upitapo ule Mlango, mtaje. Sema Doto. Apumzike kwa amani Doto. Halafu na mimi nitakufa vizuri."

"Mama..."

"Niahidi."

Nilimtazama. Ana miaka sabini na minne. Machozi yalikuwa bado hayajamkauka, na alikuwa anatabasamu. Kumwambia ni kumwua. Kunyamaza ni kwenda Roma kujiombea mwenyewe pumziko la milele, na kumwacha Kulwa kwenye chungu na njaa yake.

Nikainamisha kichwa. Mama akadhani nimekubali. Akanipigapiga begani, akasimama, akakisogelea kibanda. Akainua kile kipande cha kibuyu, akamimina ndani maji kidogo ya unga. Alikuwa amenipa mgongo.

"Ngoja nimweleze kwanza mwenyewe," akasema, "asije akakereka."

Akainamia chungu. Akaita taratibu, kwa sauti ile ile ya bibi.

"Doto. Doto mwanangu."

"Abee mama," nikaitika.

Sikukusudia. Lilitoka lenyewe, kama lilivyotoka alfajiri ile ya kofi.

Mkono wa mama ukasimama juu ya chungu. Maji ya unga yakawa yanadondoka kwenye vumbi, na hakugeuka kunitazama.

"Nani ameitika?" akauliza.